Kuku wa Akoth

Mliponiaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu nyoka, ili atakayeajiriwa baada yangu asianzie gizani. Nimejaribu. Kila nikishika kalamu najikuta nikiandika habari za panya, sungura, mayai, omena na kuku, na mwishowe nimekubali kwamba hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Mgeni akiingia kwenye bustani yetu ya nyoka anaona nyoka. Sisi tunaofanya kazi pale tunaona chakula cha nyoka. Tunakizalisha, tunakilisha, tunakiua, na siku chache baadaye tunasafisha kilichobaki. Aibu yangu kubwa nayo ilitoka kwenye chakula, kwa hivyo siwezi kuwafundisha kazi hii nikairuka. Mnivumilie nikichelewa kuifikia, maana sina haraka nayo.

Mimi ni Mkuria wa Migori, na kabla ya nyoka nilikuwa mkata miwa. Asubuhi moja tulifika kwenye safu ambamo chatu alikuwa amejikunja chini ya majani makavu. Wenzangu walitawanyika na mapanga yao. Mimi nilibaki nimesimama karibu naye. Mwenye shamba hakutaka auawe, akampigia simu Mzee Swaleh, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini Homa Bay, mtu wa pwani kwa asili, ambaye alikuwa amefungua bustani ya nyoka kwa mapenzi ambayo hata familia yake haikuyaelewa. Alipofika alinikuta palepale, akadhani namlinda yule chatu. Ukweli ni kwamba miguu ilikuwa imekataa. Akanipa mdomo wa gunia nishike, nikashika, na kabla juma halijaisha nilikuwa nimehamia Homa Bay. Mpaka leo wapo wanaosimulia ushujaa wangu wa siku ile, na sijawahi kumkatiza hata mmoja. Kumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata. Nikivishwa kilemba cha ukoka huwa sikivui.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vizito nilivyoazimwa, nikijua naenda kupambana na sumu. Mzee Odera, mtunzaji mkuu wakati huo, mtu wa Kendu Bay mwenye sauti ya chini na mikono iliyojaa makovu ya meno ya panya, alinitazama viatu, akanipa ufagio.

"Nyoka utaona kesho," alisema. "Leo ujue panya."

Nilikaa kwenye nyumba ya panya kwa miezi kabla ya kukabidhiwa nyoka wa kwanza. Nilijifunza kuwatenganisha majike na madume, kuwatandikia nyasi kavu, kuwawekea maji safi. Chakula chao Odera alikichanganya mwenyewe: mahindi, maharagwe yaliyochemshwa, sukuma wiki, omena wachache, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa na kusagwa. Nilimuuliza kwa nini tunawapikia panya kuliko tunavyojipikia wenyewe. Aliniambia kwamba kabla yangu kijana mmoja alichoka kupika, akawa anawapa ugali tu. Panya walikua, tena wanene. Lakini wale nyoka wadogo wa kahawia, wale wanaoingia majumbani kufuata panya, walianza kutaga mayai yaliyosinyaa, na watoto wachache walioanguliwa walikuwa dhaifu, hawakufika mbali.

"Panya akikula ugali peke yake," alisema, "nyoka naye amekula ugali."

Sentensi hiyo ingetosha kuandikwa juu ya mlango wa bustani, lakini Mzee Swaleh aliweka pale picha ya swila aliyepanua shingo, na nadhani biashara ilikuwa na maoni yake.

Vifaa vyenyewe mnavijua. Kulabu tunayotumia mpaka leo Odera aliitengeneza kwa nondo na mpini wa jembe, na bado ni nzuri kuliko ile iliyonunuliwa baadaye, ambayo ilipinda kwa nyoka asiyezidi uzito wa mtoto mchanga. Kibano kirefu ni cha kulishia, si cha kukunia mgongo. Kipimajoto kisomeni kabla ya kulisha, si baada. Nyoka akila na kukawa na baridi, chakula kinaoza tumboni badala ya kuyeyuka, na atakitapika mbele ya wanafunzi wa shule ya msingi, ambao hawatasahau. Na mizani. Ile mizani ndogo ilitoka jikoni kwa mke wa Mzee Swaleh, tukaiazima mara moja, na mpaka marehemu mama yule anaondoka duniani alikuwa bado akiiulizia.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nami nitazitaja mbili tu. Ya kwanza ni ya nyoka mla mayai. Tuliletewa jike mzuri, mwembamba, tukampa mayai ya kuku. Alijaribu kuyameza mpaka taya likamchoka, akaacha kabisa kujaribu, tukasema ana kiburi. Odera alipoona anaisha mwili alinituma Migori kwa watu wanaotega aluru, wale kware wadogo, nikarudi na mayai yao kwenye kopo lililojaa pamba. Alikula usiku uleule. Hakuwa na kiburi hata kidogo. Yai lilikuwa kubwa kuliko mdomo, na sisi wote wenye macho hatukuwa tumelipima.

Ya pili ni ya nyoka wa majini aliyetoka kisiwa cha Takawiri. Wavuvi walimkuta kwenye wavu, wakamleta kwa boti. Huku ziwani samaki ndio kitu kisicho na taabu kukipata, kwa hivyo tulimpa omena wabichi kila alipotaka. Alinawiri. Kisha akaanza kutetemeka kichwa, akageuka mgongo chini tumbo juu, akawa anashindwa kujinyoosha. Tulidhani amerogwa, kisha tukadhani amepewa sumu. Daktari wa mifugo aliyeletwa alieleza kwamba omena ni miongoni mwa samaki ambao wakiwa wabichi wana kitu ndani yao kinachokula vitamini moja ya mishipa, na mnyama anayelishwa hao tu anaishiwa nayo huku tumbo limejaa. Alimdunga sindano, akatuagiza tubadilishe samaki na tuwe tunawapasha moto. Yule nyoka alipona. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kiumbe anaweza kufa na njaa ameshiba, na nilifurahi sana kujua jambo hilo. Laiti ningelikumbuka ilipofika zamu yangu.

Somo la mwisho la Odera lilikuwa la mgongo. Alinichukua mpaka kwa chatu dume, akaniambia nipitishe kiganja kuanzia shingoni. Chatu mwenye afya mgongo wake umeinuka kidogo katikati, kama paa lisilo na mteremko mkali. Aliyekonda, uti unakuchoma kiganja. Aliyenona kupita kiasi, uti umezama na kuna mfereji, na akijikunja ngozi inapanuka mpaka unaona nafasi kati ya magamba.

"Ukiona mfereji, funga chakula," aliniambia. "Mtu atalia. Nyoka hatalia."

Odera alistaafu, akarudi kwake Kendu Bay, na miaka michache baadaye tukamzika. Funguo zikawa kwangu.

Akoth alifika baada ya hapo. Alitoka kwenye miwa ya Migori kama mimi, chatu jike mchanga, ameungua kidogo mkiani kwa moto wa wakataji. Ulikuwa mwaka wa ukame. Jioni tuliyomshusha kwenye gari mvua ilinyesha, mvua ya kweli, na kufikia asubuhi wanawake wa soko walikuwa tayari wameshampa jina. Akoth kwa Kijaluo ni msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Chatu wao wanamwita ng'ielo, na kwa wengi wao, hasa wazee, yeye si nyoka kama nyoka wengine. Mtu haui ng'ielo. Akiingia bomani ni mgeni mwenye baraka, anasemeshwa kwa upole, anapewa kuku. Waliookoka kanisani hukwambia hawaamini mambo hayo, kisha wanakuuliza kama amekula.

Basi wakaanza kuleta kuku. Mzee mmoja alileta, kisha mwingine, kisha kikundi cha akina mama. Mzee Swaleh aliniambia, "Marwa, hiba hairudishwi, mwanangu," na mimi nilikuwa mgeni kati ya Wajaluo, nakula chumvi yao, mke wangu amepata marafiki kwao, mwanangu Boke anasoma na watoto wao. Ningeanzia wapi kumwambia mzee aliyetembea na jogoo kwapani kwamba mgeni wetu hali leo? Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akoth hakupewa jembe. Alipewa kuku, na aliyempa kwa mkono alikuwa mimi.

Aliyeleta kuku kuliko wote alikuwa mwanamke aliyeuza mayai ya kuchemsha karibu na lango letu. Tulimwita Nyar Kosele, maana alizaliwa Kosele akaolewa huku. Wake wengi wa hapa huitwa hivyo, kwa kwao, lakini wakipata mtoto huongezewa jina la pili, Min fulani, mama wa fulani. Yeye alikuwa ameolewa miaka mingi na hakuwa na jina la pili. Mimi aliniita Wuon Boke, baba wa Boke, na kila alipolitamka alilitamka taratibu.

Siku moja alisimama mbele ya kioo cha Akoth muda mrefu.

"Wuon Boke, huyu ako na watoto?"

"Bado."

"Bado, ama hapati?"

"Bado. Dume yuko, huwa tunawaweka pamoja miezi ya baridi. Akilishwa vizuri atataga."

Alifikiri kidogo. "Basi mimi nitamlisha. Akipata, na mimi nitapata."

Hapo ndipo ilipopasa nicheke naye, nimwambie kuku wake wabaki nyumbani wamtagie mayai ya kuuza. Badala yake nilijiona mtu wa maana. Nilikuwa nimesema jambo la kitaalamu na mtu amelishika. Kuanzia hapo, kila siku ya soko alikuja na kuku aliyefungwa miguu, akanikabidhi, akakaa kutazama mpaka amezwe. Aliondoka amefurahi, na mimi nilifurahi kwa kuwa yeye amefurahi.

Akoth alikua kwa kasi ambayo sijaiona kwa chatu mwingine. Wageni walimsifu. "Ochwe," walisema, amenona, na huku ukiambiwa umenona umeambiwa una afya na nyumbani kwako kuna amani. Mimi mwenyewe nikitoka likizo naambiwa hivyo na ninatembea vizuri siku nzima. Sijui kwa lugha gani ningewaeleza kwamba kwa chatu neno hilohilo ni ugonjwa.

Mfereji niliuona. Nataka mlisome hili polepole. Asubuhi moja nilipokuwa nikimhamisha ili nioshe kibanda, kiganja changu kilipita mgongoni na uti haukuwepo. Palikuwa na bonde. Alipojikunja niliona ngozi ikitokea kati ya magamba. Sikuwa mjinga wa kazi siku ile. Nilikuwa na miaka mingi ndani yake. Nikajiambia kwamba jike anayejiandaa kutaga anahitaji akiba, kwa sababu akishayazungushia mayai mwili wake hali mpaka yaanguliwe. Hilo ni kweli, na ndiyo maana lilinifaa. Uongo wa mtaalamu huwa na nusu ya ukweli ndani yake, vinginevyo hata yeye asingeuamini. Nikamrudisha kibandani, na siku ya soko nikampokea kuku.

Miezi ya baridi ikaja, tukamweka dume naye. Baadaye Akoth akaacha kula. Akawa analala amejipindua, tumbo juu, karibu na mawe yenye joto. Hizo ni dalili za chatu mwenye mayai. Vilevile ni namna anavyolala chatu aliyeshiba mpaka hawezi kujigeuza, lakini hilo sikulisema. Wageni waliponiuliza nilisema, mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayejua, "Ana mimba."

Neno lilifika sokoni kabla sijafunga lango. Mzee Swaleh akapaka kuta chokaa. Shule zikapiga simu. Nyar Kosele alikuja siku iliyofuata, si siku ya soko, akiwa mikono mitupu, macho yamevimba.

"Hii mwaka watu wa bwana yangu walikuwa wamesema inatosha," aliniambia. "Wanataka aoe mwingine. Nimeongea na mama yake. Nimemwambia angojee Akoth atage. Akitaga na mimi sijapata kitu, nitanyamaza, waoe. Amekubali."

"Amekubali?"

"Ni mtu wa zamani. Anaheshimu ng'ielo." Akatabasamu. "Si wewe ulisema ako na mimba?"

Nilisema, "Ndiyo."

Ningeweza kusema sina hakika. Maneno hayo ni mafupi, na hata Kiswahili changu cha Kikuria kinayaweza. Niliona haya kumwambia mtu aliyeniamini kiasi kile kwamba nilisema kwa kukisia. Nyinyi mtakutana na haya ya namna hiyo. Nawaambia ni nafuu kuikabili ikiwa bado changa.

Wiki zikapita, na mayai hayakuja. Nikampigia simu Daktari Muthoni, daktari wa mifugo aliyekuwa akitusaidia siku hizo, akaja na mashine yake ya kupiga picha ya tumbo, ya aina ileile wanayotumia kwa wajawazito. Mzee Swaleh hakutaka tukio kama hilo lipotee bure, akaacha lango wazi. Walikuja watu wachache wa soko na darasa moja la wanafunzi. Nyar Kosele alikuja amevaa nguo ya kanisani, akasimama karibu kabisa, kama ndugu wa mgonjwa.

Tulimshika Akoth watu wanne. Daktari alimpaka mafuta mazito ya mashine, akapitisha kile kifaa tumboni taratibu, kutoka katikati kwenda mkiani, akarudi, akaenda tena.

"Mayai yangekaa hapa kwa mstari, kama shanga," alisema. "Sioni."

"Hata moja?" niliuliza.

"Hata moja. Hii ukungu yote mnaona ni mafuta. Hii pia. Hapa ni ini, na yenyewe imejaa mafuta." Aliinua macho. "Mmekuwa mkimlisha nini?"

Wanafunzi walinitazama, kwa sababu kwenye fulana yangu imeandikwa mtunzaji.

"Kuku," nilisema.

"Mara ngapi?"

"Wanapoletwa."

Alizima mashine. Alieleza kwa upole, na afadhali angefoka. Alisema chatu mkubwa anakula mara moja kwa wiki kadhaa na anakaa vizuri. Akilishwa kila anapokubali kumeza, mafuta yanamjaa mpaka kwenye viungo, na mwili ulio hivyo unaacha kabisa kutengeneza mayai. "Huyu hana mimba," alisema. "Na akiendelea hivi hatapata kamwe. Chakula ndiyo imemfungia."

Nilikuwa nimemshika Akoth kiunoni na sikuweza kumwachilia ili nijifunike uso. Nilipopata nafasi ya kugeuka, Nyar Kosele alikuwa ameshaondoka.

Tangu siku ile Akoth alilishwa kama Odera alivyofundisha. Sungura mdogo, kisha muda mrefu bila kitu, kisha panya, na kila mara mizani. Kuku tuliwarudisha mlangoni kwa maneno mazuri, na watu walinuna, kisha wakazoea, jambo linaloonyesha kwamba wangezoea tangu mwanzo. Mfereji umepungua. Mnaye sasa, mmekabidhiwa. Hajataga na huenda asitage, maana ini lililoharibika halirudi lote. Wapo watakaowaambia amekonda. Waambieni hivyo ndivyo anavyopaswa kuwa. Waswahili husema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha wangu, na asiyezaa akawa mwingine.

Nyar Kosele hakurudi langoni. Meza yake ya mayai ilichukuliwa na mtu mwingine. Mimi nilibadilisha njia ya kwenda nyumbani nisipite sokoni, na mke wangu siku moja aliniambia tu kwamba mwanaume mzima anazunguka mlima kwa kumwogopa muuza mayai. Nikajikaza kisabuni. Nilinunua kuku wawili, nikawafunga miguu, nikaenda kwake.

Upande wa kushoto wa nyumba yake fito za nyumba mpya zilikuwa zimesimama, zinangojea udongo. Nimekaa kwa Wajaluo miaka ya kutosha kujua kwamba nyumba ya upande ule hujengewa mke wa pili. Mume wake hakuwepo. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kivulini akichambua mboga, akanijibu salamu, akarudi kwenye mboga zake. Nyar Kosele alitoka jikoni akifuta mikono.

"Wuon Boke. Karibu." Akawatazama kuku. "Hizo ni za nini?"

"Ni zako. Nimekurudishia."

Aliwapokea bila kubisha. Mmoja alimfungua miguu, akamwacha aende na wengine. Mwingine alimchinja palepale, akaweka maji motoni, akanionyesha kiti kando ya mlango wa jiko.

"Sikuja kula," nilisema.

"Mgeni haendi na njaa kwa boma yangu."

Alianza kunyonyoa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, nikayatafuta, nikapata machache. Nilimwambia naona haya. Nilimwambia ningejua... Hapo aliinua mkono wenye manyoya.

"Ulijua," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nilijua amenona kupita kiasi."

"Na uliniona nikikuja na kuku, nikirudi bila."

"Niliogopa kukuvunja moyo."

"Moyo ni yangu, Wuon Boke. Ungeivunja mapema ningelia mapema, nimalize." Akakata paja, akalitia sufuriani. "Bwana yangu alikuwa anauliza kuku zinaenda wapi. Tulikosana juu ya hizo kuku. Nilimwambia nazipeleka mahali zitatusaidia. Kumbe nilikuwa nalisha huyo mama mwenzangu asizae."

Chakula kilipoiva aliniletea maji ya kunawa, akaniwekea ugali na kuku kwenye sahani moja, vipande vyote vizuri, yeye akakaa kwenye kigoda akinitazama. Nilikula. Alikuwa mpishi mzuri, na hilo lilinifanya nione vibaya zaidi. Sahani ilipopungua aliongeza. Nilikula tena. Akaongeza.

"Asante, mama," nilisema. "Nimeshiba."

"Hata Akoth alikuwa ameshiba," alisema, "na tuliendelea kumpea."

Akainamisha sufuria juu ya sahani yangu, akaniongezea. Nikala.